Kushika ni Kuisha

Nkirote haulizi nataka lipi.
Anainama nyuma ya pikipiki yangu, hapa Kirinyaga Road,
kati ya kelele za nyundo na harufu ya grisi,
anapitisha kiganja juu ya tairi la zamani.
"Katikati kipara," anasema.
"Ukingoni bado lina nywele.
Wewe, dada, hujisifu unalala kwenye kona.
Tairi linasema unaenda kazini."

Kweli. Kitengela hadi maabara, zamu ya usiku,
moja kwa moja, siku sita,
na ile Jumapili moja ya mwezi
ninapoteremka Mai Mahiu alfajiri,
goti nje, moyo kooni,
kisha naisimulia wiki tatu.

Anaweka mawili juu ya gunia.
La kwanza gumu. Anabonyeza ukucha: hakuna alama.
"Hili litakuzika," anacheka. "Kilomita elfu kumi na tano
na halijaomba chai."
La pili laini. Ukucha unazama,
unaacha hilali inayojifunga polepole.
"Hili linashika lami kama mtoto siku ya chanjo.
Lakini elfu sita, ukilihurumia. Kwisha habari yake.
Bei ni hiyo hiyo."

Natafuta ubavuni zile tarakimu nne,
wiki na mwaka wa kuzaliwa,
maana mpira huzeeka hata rafuni,
hugeuka jiwe bila kutembea hatua.
Miezi saba. Sawa.

Napiga hesabu nyuma ya risiti ya dawa:
elfu thelathini na nne.
Laini, shilingi tano na kitu kila kilomita.
Gumu, mbili na kitu.
Hesabu imemaliza kesi kabla sijakaa.

Ila hesabu haimjui Mwakio.
Mzunguko wa City Stadium, mvua ya kwanza ya Aprili,
ile inayoamsha dizeli iliyolala lamini.
Alikuwa akienda pole. Msinihubirie mwenda pole.
Alikuwa akienda pole, akajikwaa.
Tairi lake nililiona baadaye gereji,
gumu, la kudumu, mifereji mirefu,
lingali na miaka miwili ndani yake.
Limedumu kuliko goti lake.

"Kuna la tatu," Nkirote anasema,
"gumu katikati, laini mbavuni.
Fisi angelipata hili, njia mbili zisingemshinda."
Namuuliza bei. Ananitajia.
Fisi hakulipwa mshahara wa maabara.

Nakaa juu ya kopo la rangi.
Namkumbuka mama siku ya kitambulisho,
mashine ilivyokataa kuvisoma vidole vyake,
karani akivifuta kwa pamba, tena, tena,
na mama akiona haya kana kwamba ameiba.
Miaka thelathini ya kufulia watu Eastleigh.
Vilishika sana, vile vidole.
Alama zao zilibaki kwenye mashuka ya wengine.

Nami nataka nini, tairi lisilomwachia barabara chochote?
Kila lishikapo, huacha chembe.
Lisiloacha chembe halijashika,
linapita tu.

"Funga hilo laini."

Otwori anagonga, anajaza upepo, anapima, anapunguza kidogo.
Nkirote anahesabu noti mara mbili,
mara ya pili kwa heshima.
"Sasa sikia. Jipya huteleza, lina nta ya kiwandani.
Kilomita mia za kwanza, enda kama umebeba mayai."

Basi naingia barabara ya Mombasa,
nguvu za farasi mia chini ya kiti,
nimejibana kushoto, mgongo wima kama mtahiniwa,
na pale Cabanas mwenye boda,
trei sita za mayai ya kweli nyuma yake,
ananipita, anapiga honi,
kisha anageuka kunitazama
kama niko salama.